Kijana wetu wa Mi'kmaq na meli za Halifax: nafasi ipo kweli, au ni maneno ya magazetini?

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu, na sasa naishi karibu na Truro, Nova Scotia, huku Kanada. Mume wangu ni mtu wa Mi'kmaq, watu wa asili wa pwani hii, wa jamii ya Millbrook. Mwanawe wa ndoa ya kwanza, nimemfundisha aniite mama mdogo, ana miaka 20. Sekondari alimaliza, ila hesabu zilimpiga chenga. Sasa anataka kujifunza kuchomelea vyuma ili aajiriwe Halifax wanakounda meli za kivita. Mjomba wake anasema nafasi za Mi'kmaq zimetengwa kwa mujibu wa mikataba ya zamani, aende tu akabishe hodi. Jirani anasema hayo ni maneno ya picha za magazetini, wakishapiga picha wanawasahau. Tena mume wangu ana karakana ndogo ya vyuma, yeye na vijana wawili, na tunawaza nitie akiba yangu humo tuombe kazi za kiwanda. Nani kati yao anasema kweli? Na sisi tuanzie wapi?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna watu watatu wenye mahitaji tofauti: kijana anayetaka kazi, baba mwenye karakana, na wewe mwenye akiba uliyoichuma kwa jasho. Nitawajibu wote, lakini nianze na mjomba na jirani. Kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo.

Mjomba kwanza. Mikataba anayoisema ipo na ina nguvu hadi leo. Inaitwa Mikataba ya Amani na Urafiki, iliyowekwa kati ya Mi'kmaq na Ufalme wa Uingereza kuanzia miaka ya 1725 na 1726, ikarudiwa 1752 na tena 1760 na 1761. Humo Mi'kmaq hawakuuza wala kugawa ardhi yao. Na tarehe 17 Septemba 1999, Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kesi ya Donald Marshall Mdogo, mtu wa Membertou, jamii nyingine ya Mi'kmaq, aliyekamatwa kwa kuvua mikunga ratili 463 na kuwauza kwa dola 787 na senti 10. Mahakama ikasema mkataba unampa haki ya kujipatia riziki ya wastani kwa kuvua, kuwinda na kukusanya. Ni hukumu kubwa, na mume wako bila shaka anaijua kuliko mimi. Lakini inahusu bahari na msitu. Haimtengei mtu kazi ya kuchomelea katika kiwanda cha kampuni binafsi. Kijana akienda getini na nakala ya mkataba mkononi, mlinzi atamwelekeza kwenye fomu ileile wanayojaza wote.

Kinachofungua mlango ule ni fedha ya serikali, na hapo ndipo ningependa mtulie muelewe vizuri, kwa sababu ukishaelewa fedha inatoka wapi utajua pa kugonga.

Mwezi Oktoba 2011 serikali ya Kanada ilichagua viwanda viwili viunde meli zake kwa miongo kadhaa: cha Vancouver kwa meli zisizo za kivita, na cha Halifax, cha Irving Shipbuilding, kwa meli za kivita. Halifax ilianza na meli 6 za doria za Aktiki za jeshi la majini, ya kwanza, Harry DeWolf, ikakabidhiwa mwaka 2020, pamoja na nyingine 2 za Walinzi wa Pwani. Baada ya hizo ni manowari 15 za daraja la River, yaani meli kubwa za kivita, kazi itakayokwenda hadi karibu na mwaka 2050. Kijana wako atakuwa amepita miaka 40.

Serikali inapotoa fedha nyingi kiasi hicho huwa inaambatanisha masharti. Kampuni inayoshinda hutakiwa kurudisha ndani ya Kanada shughuli za kiuchumi zenye thamani ya mkataba wake. Viwanda vilivyochaguliwa hutakiwa pia kutoa nusu ya asilimia moja ya thamani ya mikataba hiyo kwa ajili ya kuiinua sekta nzima ya meli, na mafunzo ya watu yamo. Kampuni yenye wafanyakazi 100 au zaidi inayopata mkataba wa serikali wa dola milioni moja au zaidi lazima ionyeshe inafanya nini ili wanawake, watu wa asili, watu wenye ulemavu na watu wa rangi wasibaki nje. Na tangu mwaka 2021 serikali imetangaza lengo kwamba asilimia 5 angalau ya thamani ya manunuzi yake iende kwa biashara za watu wa asili.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema, "Kiti hiki ni cha Mmi'kmaq fulani." Yote yanamfanya mwajiri awe na sababu ya kumtafuta kijana wako na kulipia sehemu ya safari yake ya kufika pale. Hiyo si haki ya kudai mahakamani. Ni msukumo, na msukumo huwafaa wale waliokwisha kusimama karibu na mlango. Ndiyo maana wazee na machifu wa jamii 13 za Mi'kmaq za Nova Scotia hawakungoja. Walikaa mezani na kampuni, na serikali ya jimbo na ile kuu, wakidai ushiriki katika mambo matatu kwa pamoja: ajira, mafunzo na biashara. Walijua kwamba ajira peke yake humwinua mtu mmoja mmoja, na akiondoka imeondoka naye.

Sasa jirani. Nimekaa na vijana waliopitia programu za kila aina, na naelewa uchungu ulio nyuma ya maneno yake. Lakini Halifax kulifanyika jambo zaidi ya picha. Chuo cha jamii cha jimbo, NSCC, pamoja na kiwanda, chama cha wafanyakazi cha Unifor, kituo cha watu wa asili mjini, Mi'kmaw Native Friendship Centre, na wengine, walianzisha njia maalumu ya kuwaingiza watu wa asili katika uundaji wa meli. Ilitanguliwa na njia kama hiyo kwa wanawake. Wanafunzi walisaidiwa kwanza masomo ya msingi, kisha wakasoma kuchomelea miaka miwili katika kampasi ya Akerley, Dartmouth, huku kiwanda kikiwangoja mwishoni. Waliohitimu wakaajiriwa.

Jirani yuko sahihi kwa jambo moja zito: njia hizi hufunguliwa kwa kundi. Kundi likijaa, mlango hufungwa hadi kundi lingine litangazwe, na huwezi kujua ni lini. Kwa hiyo msimwambie kijana angoje. Aanze kwa njia ya kawaida, na kundi likitangazwa atakuwa tayari ana hesabu na karatasi zake.

Lakini kuingia si kugumu kama kubaki. Hili nalijua kwa karibu, na ndilo ambalo ningemshika mume wako mkono nimwambie.

Wewe umetoka kwa watu wanaojua matanga. Mtu akifa Uvira, hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa ndugu wa damu au jirani wa mtaa wa tatu; watu wanakwenda, wanalala, wanachangia. Mi'kmaq wako vivyo hivyo. Jamii nzima hukesha na marehemu siku mbili tatu, na baada ya maziko kuna salite, karamu ambapo watu hunadi vitu walivyoleta ili kusaidia gharama za familia. Sasa mweke kijana wa miaka 20 katika kiwanda ambacho taratibu zake za kazi zinatambua msiba wa mama, baba, ndugu wa tumbo moja, basi. Amefiwa na binamu wa babu yake. Akienda, amekosa siku tatu bila ruhusa. Asipokwenda, kijijini watasema kazi imemla. Nimewaona vijana hodari, wenye mikono iliyotulia kama ya mshona nguo, wakiacha kazi nzuri kwa jambo hilihili. Msimamizi akaandika "hana nidhamu", na kijana hakuwahi kumwambia alikuwa wapi.

Siku hizo tatu huwa zinaweza kupatikana. Kinachotakiwa ni maneno kusemwa mapema, kabla ya msiba wowote: kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kwa msimamizi, kwa ofisa wa kampuni anayeshughulikia wafanyakazi wa asili. Mwambieni kijana aulize wiki ya kwanza, "Kwetu tukifiwa tunakaa siku kadhaa. Utaratibu wa kuomba ni upi?" Mwajiri aliyesaini ahadi za ushiriki hana budi kulisikiliza swali hilo, na chama kina uzoefu wa kujadili mambo hayo.

Kuna na jambo lingine linalokaa kifuani bila kusemwa. Kiwanda kile kiko kwenye ukingo wa Halifax, mahali Mi'kmaq walipopaita Kjipuktuk, Bandari Kuu, kabla hapajawa na nyumba ya Mzungu. Ukisimama pale ukaangalia ng'ambo ya maji, upande wa Dartmouth, utaona mabomba matatu marefu ya kituo cha umeme cha Tufts Cove, yenye mistari myekundu na myeupe. Karibu na hapo palikuwa na kijiji cha Mi'kmaq kilichoitwa Turtle Grove. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917 meli ya Ufaransa iliyobeba baruti, Mont-Blanc, iligongana na meli Imo kwenye mkondo ule, ikalipuka. Karibu watu 2,000 walikufa mjini, na kijiji cha Turtle Grove hakikujengwa tena. Kijana anayechomelea meli upande huu wa maji anatazamana na mahali pale kila anapotoka kula chakula cha mchana. Watu hawa walikuwa waunda vyombo wakati bandari haikuwa na gati: mitumbwi ya magome ya mti wa birchi, yenye kingo zilizoinuliwa katikati ili mawimbi ya bahari kuu yasiingie ndani. Sipendi kusikia kwamba Mi'kmaq "wanaletwa" katika uundaji wa meli. Wanarudi.

Tuingie kwenye kazi yenyewe, maana kijana anapaswa kujua anachokitaka. Nimechomelea miaka mingi kabla ya kuwa mkaguzi wa viungo na baadaye mwalimu, na naweza kukwambia kwamba kuna siku moja inayoamua mengi: siku ya mtihani wa bamba. Unapewa vipande viwili vya chuma vilivyochongwa mshazari ukingoni. Unaviweka vikiachana kidogo, kama upana wa punje ya mchele, na unaviunganisha kwanza vikiwa vimelazwa, halafu vikiwa vimesimama, halafu juu ya kichwa chako, cheche zikikumwagikia kwenye kola. Ukimaliza, mkaguzi hakusifu wala hakulaumu. Anakata vijiti viwili kutoka kwenye kiungo chako na kuvikunja kwa mashine hadi viwe kama herufi U. Kisha anainama na kutazama mgongo wa mkunjo. Ukiwa na ufa unaozidi milimita tatu hivi, umeanguka. Ufa usipokuwapo, umepata cheti, na cheti hicho huku Kanada lazima kihuishwe kila baada ya miaka miwili.

Naupenda mtihani huo kwa sababu chuma kinachokunjwa hakijui jina la mtu wala anakotoka. Kijana wako akishavikunja vijiti vyake bila ufa, hakuna wa kumwambia ameingia kwa upendeleo. Na maneno hayo atayasikia, msimfiche. Ataambiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kwamba yuko pale kwa sababu ya damu yake. Ajue kwamba njia maalumu ilimsaidia kufika kwenye bamba, ila bamba alichomelea mwenyewe.

Hesabu sasa. Usiogope neno hilo. Fundi wa kuchomelea hahitaji hesabu za kutungia vitabu. Anahitaji sehemu, desimali, pembe, kipimo cha nchi na milimita, na kusoma mchoro. Tatizo la vijana wengi ni kwamba hesabu ziliwapita darasani bila chuma mkononi. Nova Scotia kuna masomo ya watu wazima yasiyotozwa ada, na NSCC nayo huyatoa. Akianza sasa, baada ya muhula mmoja au miwili atakuwa na kinachotakiwa. Na nikwambie kitu cha kuwatia moyo: shule zinazosimamiwa na Mi'kmaq wenyewe, chini ya chombo chao cha elimu walichokipigania na kukipata miaka ya 1990, zimefikia kiwango cha kuhitimu sekondari kinachotajwa kati ya vya juu kabisa kwa watu wa asili Kanada nzima. Tatizo halipo kwenye akili za vijana hawa na halijawahi kuwapo.

Pili, leseni ya udereva. Watu wazima hucheka nikisema hivyo, lakini leseni imewakosesha watu kazi kuliko hesabu. Kutoka Millbrook hadi kiwandani ni kama kilomita 100, zamu ya asubuhi huanza gizani, na barabara ya 102 mwezi Februari ina theluji ya kupofusha. Aidha ahamie Halifax au Dartmouth, aidha awe na gari na leseni na mwenzake wa kushirikiana mafuta. Liamueni hili kabla ya siku ya kwanza ya kazi, msiliache liwaamulie.

Tatu, uanagenzi. Kuchomelea ni ufundi wa kuhesabu saa: anafanya kazi chini ya fundi mwenye cheti, saa zake zinaandikwa, anarudi darasani kwa vipindi, na mwishoni anafanya mtihani wa muhuri mwekundu unaotambulika nchi nzima. Ahakikishe tangu siku ya kwanza kwamba ameandikishwa kwa Wakala wa Uanagenzi wa jimbo na kwamba saa zake zinasainiwa. Nimekutana na watu waliofanya kazi miaka minne bila saa hata moja kwenye kumbukumbu, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anaandika.

Nani analipa? Fedha ya mafunzo kwa watu wa asili hutoka serikali kuu lakini hugawiwa na vyombo vyao wenyewe. Kwa jamii 13 za Nova Scotia kuna Sekretarieti ya Mi'kmaq ya Ajira na Mafunzo, na Millbrook ina ofisi yake ya ajira na elimu. Hapo ndipo aanzie, kabla ya chuo na kabla ya kiwanda. Ada, vifaa, nauli, hata kofia ya kuchomelea na buti za chuma, mara nyingi huweza kuombewa pale, lakini maombi yanatakiwa yapelekwe kabla masomo hayajaanza. Ukishalipa mwenyewe, kurudishiwa ni vigumu.

Kuhusu kodi, kwa kuwa najua mjomba atalisema hilo nalo: si kweli kwamba mtu mwenye kadi ya hadhi, ile ya serikali inayomtambua mtu wa asili, halipi kodi ya mapato popote. Sheria inayowahusu watu wa asili, kifungu cha 87, inaikinga mali na mapato yaliyopo kwenye ardhi iliyotengwa kwa jamii, tunayoiita rizavu. Kiwanda cha Halifax hakiko kwenye rizavu. Mshahara wa pale kwa kawaida hukatwa kodi kama wa mtu mwingine yeyote. Mpange bajeti yenu hivyo.

Na sasa upande usiopendeza. Historia ya uundaji meli Kanada ni ya mafuriko na kiangazi. Kuanzia miaka ya 1980 hadi 1996 nchi iliunda manowari 12, nyingi katika mji wa Saint John, jimbo la jirani. Ya mwisho ilipokamilika hapakuwa na kazi nyingine, na mwaka 2003 kiwanda kile kikafungwa. Mpango wa sasa uliundwa makusudi ili kuondoa hali hiyo, na zile meli mbili za Walinzi wa Pwani ziliongezwa Halifax kwa sehemu kubwa ili mafundi wasikae bure kati ya meli za doria na manowari. Hata hivyo vipindi vya kazi chache vitakuwapo. Na katika sehemu zenye chama cha wafanyakazi, anayepunguzwa kwanza ni aliyeingia mwisho. Ni utaratibu wa haki kwa wazee wa kazi, lakini una matokeo ambayo lazima yasemwe waziwazi: kundi lililofungiwa mlango miaka 100 likiingia leo, ndilo la mwisho kwenye orodha, na upepo ukivuma ndilo la kwanza kutoka. Kwa sababu hiyo nasisitiza muhuri mwekundu. Kijana akiwa nao na akapunguzwa, kuna madaraja, mabomba, migodi na viwanda vya samaki. Bila huo, atarudi Millbrook na buti tu.

Nije kwenye karakana, na kwenye akiba yako.

Kwanza sheria inayowahusu ninyi wawili kama mke na mume. Ili biashara ihesabiwe kuwa ya watu wa asili katika manunuzi ya serikali kuu, lazima asilimia 51 angalau iwe mali ya watu wa asili na wao ndio waiendeshe. Kwa hiyo wewe unaweza kuingia, lakini usizidi asilimia 49, na mume wako ndiye awe na kauli ya mwisho kweli, si kwenye karatasi pekee. Kumekuwa na malalamiko makubwa Kanada kuhusu kampuni zinazomweka mtu wa asili mbele kama pazia, hadi kamati ya Bunge ikalichunguza jambo hilo mwaka 2024. Akija mtu mwenye suti akitaka "kushirikiana" nanyi, ukisoma mkataba ukaona yeye ndiye anayesaini hundi, kuajiri watu na kuchukua faida, mwambieni kwaheri.

Pili, msilenge geti la kiwanda. Kampuni kubwa haiwezi kununua kitu kutoka kwa watu watatu, hata ikitaka. Inanunua kutoka kwa mwenye mkataba mkubwa, naye ananunua kwa wa kati, na wa kati ndiye anayehitaji mtu wa kumtengenezea rafu za kubebea mabomba, vishikizo vya kunyanyulia mabamba, ngazi za muda, vizuizi vya usalama, au kumsafirishia mizigo. Huko ndiko karakana ya mume wako inaweza kukaa. Iandikisheni biashara kwenye orodha ya serikali ya biashara za watu wa asili, kisha mtafute wale wa kati, maana nao wanatafuta kampuni za namna yenu ili watimize ahadi zao.

Tatu, vyeti vya kampuni. Fundi kuwa na cheti hakutoshi. Kwa kazi za vyuma vya kubeba mzigo, karakana yenyewe hukaguliwa na kupewa daraja, ikiwa na msimamizi wa uchomeleaji anayetambulika na taratibu zilizoandikwa. Na kazi yoyote itakayogusa michoro ya kijeshi hudai kampuni iandikishwe kwa bidhaa zinazodhibitiwa, na watu wake wachunguzwe: waliishi wapi, walifanya kazi gani. Kwa mtu aliyekulia Nyarugusu, kupata karatasi za miaka ile kunaweza kuchukua muda. Hilo lisikutishe, lakini anza mapema, au kaa kwenye sehemu ya biashara isiyogusa michoro hiyo.

Nne, benki. Kama karakana iko kwenye ardhi ya Millbrook, kifungu cha 89 cha sheria ileile kinazuia mdai asiye mtu wa asili kukamata mali ya mtu wa asili iliyoko rizavu. Kifungu hicho kiliwekwa kuwalinda. Matokeo yake ni kwamba benki haioni dhamana, basi hukataa kukopesha. Ndiyo sababu kuna taasisi kama Ulnooweg, iliyoanzishwa mwaka 1986 kukopesha na kushauri biashara za watu wa asili katika majimbo ya Atlantiki. Nendeni huko kabla ya kugusa akiba yako.

Na akiba hiyo, dada, usiitie kwenye mashine kwa matumaini ya oda. Itie baada ya oda kusainiwa, na hata hapo acha ya kuishi miezi mitatu, kwa sababu wanunuzi wakubwa hulipa siku 30, 60, wakati mwingine zaidi baada ya ankara, na vijana wawili wa mume wako wanakula kila Ijumaa.

Mkitaka kuona linalowezekana, hamna haja ya kwenda mbali. Membertou, jamii iliyokuwa na madeni makubwa miaka ya 1990, ilipata cheti cha ubora cha ISO mwaka 2002 kabla ya serikali nyingine yoyote ya watu wa asili, na ikaingia ushirika na kampuni kubwa, ya ulinzi ikiwamo. Mwaka 2021 muungano wa jamii za Mi'kmaq ulikamilisha ununuzi wa nusu ya Clearwater, moja ya kampuni kubwa za samaki Kanada, katika mpango wa dola bilioni moja. Na Millbrook yenyewe ilijenga jengo kwenye ardhi yake ya Cole Harbour, karibu na Halifax, na kulipangisha kwa kampuni ya ulinzi ya General Dynamics. Mume wako aulize ofisi ya jamii wale waliosimamia kazi ile. Watamfundisha mengi kuhusu makandarasi wa jeshi kuliko semina yoyote.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Muoneni mhasibu anayezijua sheria za rizavu kabla ya kuamua biashara iandikishwe wapi. Muoneni wakili kabla ya kusaini ushirika wowote, hata na rafiki. Kama kijana amesoma hesabu kwa bidii na namba bado zinamcheza machoni, aombe chuoni apimwe namna anavyojifunza, kwa sababu akikutwa na tatizo ana haki ya kupewa muda zaidi na msaada kwenye mitihani. Na akianza kazi kisha akabadilika, halali, haongei, au pombe imeongezeka, usiseme ni uchovu wa zamu. Kuna wazee na washauri Friendship Centre pale Halifax, na mtu wa kumpeleka siku ya kwanza ni baba yake.

Jumatatu hii, basi, kijana aende ofisi ya elimu na ajira ya Millbrook akiwa na cheti cha sekondari, kadi yake ya hadhi na kitambulisho. Aulize mambo mawili tu: masomo ya hesabu yanaanza lini, na kundi lijalo la kuchomelea likitangazwa nani atampigia simu. Aandike jina la mtu huyo. Wakati huohuo baba yake amruhusu kwenye karakana jioni, ampe mabaki ya chuma na mashine iliyopo, aanze kuzoea kuchomelea juu ya kichwa. Vipande vyake vya mwanzo vitakuwa vibaya sana. Asivitupe. Akiandika tarehe kwa chaki ya chuma juu ya kila kimoja na kuvipanga kwenye rafu, kufikia majira ya kuchipua ataweza kuvitazama kwa mstari na kuona mkono wake ulivyotulia.